Daftari la uvumi lilipanda, majibu hayakushuka

Ndugu Mhariri,

Barua ya msomaji wenu aliyesema kwamba sisi watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, tuna ugonjwa wa uvumi imenifikia kwa kuchelewa, tena imenifikia ikiwa imefunga samaki. Mteja wangu alikuja kununua makala (ndivyo tunavyoita mkaa huku) akitoka soko la Kituku, sambaza zake zimeviringishwa ndani ya ukurasa wenu wa barua. Nikamwomba karatasi ile, nikampa mfuko. Nimeisoma mara tatu. Mafuta yamekula mistari ya mwisho, lakini hoja nimeipata: ugonjwa ukiingia, mashirika yanakuja kutuokoa, nasi tunanong'ona, tunakimbia chanjo, tunapiga magari mawe. Dawa yetu, anasema, ni kuelimishwa.

Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu uvumi huo mimi niliufanyia kazi ya kulipwa.

Mwaka 2019, wakati wa Ebola, nilikuwa reko hapa Majengo. Kwa wasomaji wa mbali: reko ni mtu wa mtaa anayepita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya kituo cha afya, anahimiza chanjo za watoto, anauliza nani anaharisha, nani ana homa. Ni kazi ya kujitolea zaidi kuliko ya mshahara. Wakati ule shirika moja, ambalo sitalitaja, lilituongezea jukumu: kuandika uvumi. Tulipewa kila mmoja daftari la shule la kurasa 96, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Tukapiga mistari kwa rula: tarehe, avenyu (barabara ya mtaa), mwanamume au mwanamke, halafu maneno yenyewe kama yalivyotoka mdomoni. Kila Ijumaa msimamizi alipita, akapiga picha kurasa za wiki kwa simu yake, akaweka herufi pembeni kwa kalamu nyekundu. S ilikuwa swali, M malalamiko, U uvumi. Kisha anatuhesabia dola zetu chache, tunaachana hadi Ijumaa nyingine.

Daftari ninalo bado. Lina alama za vidole vyangu vyeusi karibu kila ukurasa, maana sikuacha kuuza makala. Nikilifungua leo naona U nyingi kuliko herufi nyingine yoyote. Na kitu ninachotaka kumwambia msomaji wenu ni hiki: maneno yale yalipanda kila Ijumaa, miezi na miezi, na sikumbuki Ijumaa hata moja ambapo kitu kilishuka. Mtu ananiuliza Jumatatu, naandika, napeleka. Jumatatu ya pili ananiuliza tena, "Mama, walisemaje?" Sina la kusema. Ya tatu haulizi tena. Ameshajijibu mwenyewe, au amejibiwa na motari, yule dereva wa pikipiki, au na mchungaji, au na mtu wa simu anayemtumia sauti kutoka anakojua Mungu. Lile jibu alilolipata barabarani ndilo nililokuwa naliandika sasa, na kuwekewa U.

Nianze na jambo dogo la lugha, kwa sababu gazeti lenu ni la Kiswahili na mtanielewa. Wataalamu wa riposti (ndivyo tulivyoiita kazi nzima ile ya kupambana na Ebola, kwa Kifaransa chetu cha kubomoa) walikuja na neno lao "cas suspect", yaani mtu anayedhaniwa kuwa na ugonjwa. Aliyetafsiri akaandika "mshukiwa". Mshukiwa! Katika mji huu mshukiwa ni mtu anayetafutwa na polisi, na akipatikana usiku harudi. Tunaingia kwenye uwanja wa mtu mwenye mtoto anayetapika, tunamwambia mtoto wake ni mshukiwa, lazima achukuliwe na gari. Mzee mmoja aliniambia, nami nikaandika: "Mimi sijaiba kitu, juu ya nini munanishuku?" Akawekewa U. Hata leo sijui uvumi ulikuwa wapi hapo. Na wale waliokuwa wamekaa karibu na mgonjwa wakaambiwa "watafuatwa" siku 21. Kufuatwa, katika Goma. Ongeza kile kipimajoto chenye umbo la bastola, unaelekezewa kwenye kipaji cha uso na kijana asiyesema hata jambo. Nimeona mama aliyepitia vita vitatu akiinua mikono juu.

Hayo ni maneno tu, yanaweza kurekebishwa kwa asubuhi moja. Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe, maana sikuja hapa kuwasema wengine tu.

Nina jirani, mama wa mapacha, anayefagia katika kituo cha afya. Mapema mwaka ule, kabla Ebola haijafika mjini, walianza kuwachanja wafanyakazi wa afya wa Goma na chanjo ile ya sindano moja, ili ugonjwa ukishuka kutoka Beni na Butembo, miji ya kaskazini yetu, uwakute na kinga. Wafagiaji nao waliingizwa. Usiku wa kuamkia siku yake alikuja kwangu, akakaa juu ya gunia, akaniuliza: "Itanipa homa?" Mimi sikujua. Hakuna aliyeniambia. Lakini nilikuwa nimevaa fulana ya riposti, na aibu ya kuvaa fulana bila kujua ni kubwa. Nikamwambia hapana, haitoi homa.

Siku ya pili alichemka. Mwili unauma, kichwa kinapasuka. Alikuwa na safari ya kwenda Sake kwa msiba wa shangazi yake, akajikaza akapanda teksi. Kwenye kizuizi cha kunawa mikono wakampima, kipimajoto kikapiga kelele, wakamshusha mbele ya abiria wote, wakamketisha kando chini ya turubai. Gari likaondoka na mizigo yake. Walimwachia jioni, baada ya kuonyesha karatasi ya chanjo na mtu mmoja mwenye akili kuisoma. Lakini abiria kumi na tano walikuwa wameshafika Sake na habari: amechanjwa jana, leo ana Ebola. Ilirudi Majengo kabla yake. Ijumaa ile niliandika ukurasa mzima, avenyu sita tofauti, wanawake na wanaume, wote wakisema kitu kimoja: chanjo ndiyo inayoleta ugonjwa. Msimamizi akaweka U, U, U, hadi chini.

Uvumi ule, ndugu msomaji, ulizaliwa juu ya gunia langu la makala. Mimi ndiye mama yake.

Baadaye nilimuuliza muuguzi mmoja mzee, wa kwetu, akanieleza kwa dakika tano. Chanjo ile huleta homa na maumivu kwa wengi, siku moja au mbili, kwa sababu mwili unajifunza kupigana. Haiwezi kukupa Ebola, kwani ndani yake hakuna kirusi cha Ebola kizima, kuna kipande tu cha ganda lake kilichopandikizwa kwenye kirusi kingine. Na kinga inahitaji kama siku kumi kujijenga, kwa hiyo mtu aliyekuwa tayari ameambukizwa kabla ya sindano anaweza kuugua baada yake. Dakika tano! Ningekuwa nazo usiku ule, mama wa mapacha angepanga safari yake siku nyingine. Hanisalimii vizuri hadi leo.

Kulikuwa na swali lingine lililojaa daftarini: kwa nini wanachanja nyumba ile na kuruka yangu? Ebola ilipofika Goma, tarehe 14 Julai 2019, na mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi, kisha mchimba dhahabu aliyetoka mkoa wa Ituri mwisho wa mwezi huohuo, timu zilikimbilia waliowagusa wagonjwa na waliowagusa hao. Wanaita chanjo ya pete, unauzungushia moto mtaro. Ukijua hivyo, unaelewa. Usipojua, unaona jirani akichomwa sindano nawe unaachwa, na akili inafanya kazi yake: ama yeye amechaguliwa kupona, ama amechaguliwa kufa. Nimeandika majibu yote mawili siku moja, kwenye avenyu moja, kutoka kwa mtu na mke wake.

Ile pete ilifanya kazi, nisiwe mchoyo wa kusema. Katika mji wa watu wapatao milioni mbili, mpakani, ambako tarehe 1 Agosti Rwanda ilifunga mpaka asubuhi na kuufungua siku hiyohiyo huku akina mama wa biashara wakilia kwenye kivuko cha Petite Barrière, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa wanne tu. Beni na Butembo hawakuwa na bahati hiyo. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3470 na kuua 2287.

Kuhusu Beni, msomaji wenu anasema walipiga vituo mawe kwa ujinga. Mimi sitetei jiwe wala moto. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa. Aprili 19 Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa kwa risasi akiwa kazini katika hospitali ya chuo kikuu Butembo. Alikuwa ameacha kwao kuja kututibu. Hilo sina cha kulisema zaidi ya pole. Lakini naomba tukumbuke mpangilio wa siku. Desemba 26, 2018, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura tarehe 30 pamoja na nchi nzima, watapiga Machi, na sababu mojawapo iliyotajwa ni Ebola. Januari rais aliapishwa. Kura yao ya Machi ingemchagua rais gani? Na wakati huo masoko yamefunguliwa, makanisa yamejaa, shule zinasoma. Kesho yake tu ya tangazo lile, tarehe 27 Desemba, waandamanaji walivamia kituo cha Ebola Beni. Katika daftari langu, mwanamke mmoja mwenye ndugu kule alisema: "Ebola ni karatasi ya kura." Watafiti walikuwa wameshawauliza watu 961 wa Beni na Butembo miezi mitatu kabla, na kama mmoja kati ya wanne alisema ugonjwa haupo. Hiyo ilikuwa kabla ya kura kuahirishwa. Sijui wangeuliza Januari wangepata wangapi.

Halafu franga, yaani pesa. "Ebola ni biashara" ni sentensi niliyoiandika mara nyingi hadi nikaanza kuifupisha EB. Nani angewaambia watu si biashara? Mtu wa avenyu yetu alikuwa na gari bovu lililolala juu ya matofali. Riposti ilipoanza kukodi magari, alilifufua, akalipaka rangi nyeupe, akalikodisha, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amebomoa nyumba ya mbao akajenga ya saruji, ghorofa moja. Sisi tulipita mbele yake kila siku na fulana zetu tukisema ugonjwa ni wa kweli. Mwaka huohuo surua iliua zaidi ya watu 6000 nchini, wengi wao watoto, na sikuona gari jeupe hata moja la surua likipita Majengo. Mama aliyezika mtoto wa surua akiniuliza kwa nini wazungu wanaogopa ugonjwa mmoja na si mwingine, nimwambie nini? Niliandika. U. Na Machi 2020 aliyekuwa waziri wa afya, Dakta Oly Ilunga, alihukumiwa miaka 5 kwa wizi wa fedha za Ebola, zaidi ya dola 400,000. Mwenyewe alikana. Lakini pale mtaani hukumu ilisomwa kama muhuri juu ya kitu walichokuwa wamekisema siku nyingi.

Kuna ukurasa mmoja ambao ndio hasa umenifanya niandike barua hii. Mwezi wa nane 2019, msichana aliyekuwa amerudi kutoka Beni alikuja kununua makala ya dola moja. Akakaa. Hakuwa na haraka. Aliniambia kule, ukitaka kazi kwenye riposti, hata ya kupika au kufagia, kuna wakubwa wanaokuambia kwanza upite hotelini. Hakusema jina la mtu wala la shirika, na hakusema kama alizungumzia yake mwenyewe. Mimi sikuuliza. Nilimwambia niandike? Akasema andika. Nikaandika kama alivyosema, mistari minne. Ijumaa msimamizi aliisoma, akanitazama, akaweka U.

Septemba 2021, tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilitoa ripoti yake: washukiwa 83 (tazama, neno limepata kazi yake halali) wa unyanyasaji wa kingono wakati wa Ebola ile, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa shirika hilo. Niliisikia redioni nikiwa napepeta vumbi la makala. Nikaingia ndani, nikatafuta ukurasa. Herufi ilikuwa pale, nyekundu, imepauka kidogo.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sipendi methali hiyo, kwa sababu watu wa uongo pia huitumia. Chanjo haikuleta Ebola, na kuisema sana hakukuifanya ilete. Lakini mtu mwenye kalamu nyekundu alipaswa kutenganisha kati ya jambo linalohitaji maelezo ya dakika tano na jambo linalohitaji mtu apande gari aende Beni kuchunguza. Yote yalipata herufi moja.

Na jibu likishuka, watu hulipokea. Nina ushahidi mmoja, nao haukutoka kwenye shirika, ulitoka redioni. Agosti 2019 ilitangazwa kwamba dawa mbili katika majaribio zinaponya, hasa mgonjwa akiwahi, na kwamba mojawapo ilitokana na kinga zilizopatikana kwenye damu ya Mkongomani aliyepona Ebola mjini Kikwit mwaka 1995. Aliyelisukuma wazo hilo ni Profesa Jean-Jacques Muyembe, yuleyule aliyekuwa Yambuku mwaka 1976 ugonjwa ulipojulikana kwa mara ya kwanza, na ambaye kule Kikwit aliwapa wagonjwa 8 damu ya waliopona, wakapona 7. Siku ile nilipita kwenye avenyu bila karatasi. Nilisimama pale wanapokaa motari, nikawaambia: hii dawa imetoka kwenye damu ya mtu wa kwetu. Wakanyamaza. Kisha mmoja akauliza, "Huyo wa Kikwit, yuko hai? Alilipwa?" Swali zuri sana. Sikuwa na jibu, nikaliandika. Lakini hawakunitukana, na mmoja wao wiki ile alimleta mwenyewe dada yake mwenye homa kituoni. Ilikuwa malaria.

Novemba walituletea Majengo chanjo ya pili, ya sindano mbili zilizoachana siku 56, kwa watu wasio na mgonjwa karibu. Watu waliuliza jambo moja tu: waziri aliyeondoka Julai, yuleyule Ilunga, alikuwa ameikataa hadharani, imekuwaje nzuri leo? Hapo tulipata bahati, kwa sababu tulikuwa na muuguzi yule mzee. Alisimama kwenye kiti cha kanisa akaeleza: ile ya kwanza ni ya kuzungushia moto, ya haraka, hii ni ya kujenga ukuta mahali ambapo moto haujafika, na bado inachunguzwa, asiyetaka asichukue. "Bado inachunguzwa" nilidhani itawatimua. Walipanga foleni. Nami nilipanga.

Tangu hapo mji umepita mengi. Mlipuko wa volkeno ya Nyiragongo, Mei 2021. Mpox (ndui ya nyani) mwaka 2024 kwenye kambi za wakimbizi za Bulengo na Lushagala, watu wamebanana hema kwa hema. Januari 2025 vita viliingia mjini, na Mugunga wagonjwa wa mpox wakakimbia kituo pamoja na kila mtu, unamzuiaje? Kila mara ugonjwa ukitajwa, huja kijana mpole na kibao cha simu badala ya daftari, anauliza: mama, umesikia uvumi gani? Anabonyeza, anashukuru, anaondoka. Wa mwisho nilimuuliza nikikuambia, utarudi lini na jibu? Akacheka, akadhani natania.

Basi, Ndugu Mhariri, nina ombi. Nimenakili maswali 14 kutoka daftarini, yale yenye S na baadhi ya yale yenye U ambayo mimi nasema ni S. Nimeyaambatanisha kwenye karatasi ya pili. Kama mna daktari anayewaandikia, ajibu mawili matatu kila wiki, kwa Kiswahili cha watu, na pale asipojua aseme hajui. La kwanza ni la motari: yule mtu wa Kikwit, alilipwa?

Na msomaji wenu, kama yuko hapa mjini, aje alione daftari kwa macho yake. Meza yangu iko Majengo, upande wa ukuta wa kanisa, kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo jua linakuwa kali nahamia ng'ambo, na asubuhi makala pia ni bei nafuu kidogo.

Muuza makala, reko wa zamani
Majengo, Goma
(Jina langu mhariri analo)